Kenge wa Bibi Pasi

Mtaani kwetu alikuwepo dobi mmoja tu aliyestahili kuitwa dobi, naye alikuwa mwanamke. Walimwita Bibi Pasi. Chumba chake kilikuwa cha mwisho katika nyumba ndefu ya wapangaji, karibu na bomba, na mchana kutwa mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya moshi wa mkaa. Ndani palikuwa na meza iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, kamba za kutundikia, pasi za mkaa, beseni la wanga na kitanda. Kitanda kilikuwa kidogo kuliko meza. Ukiona hivyo unajua mwenye chumba anaishi kwa ajili ya nini.

Kazi alijifunza kwa mumewe. Mume alipokufa watu walidhani atauza pasi arudi kwao. Waombolezaji walipotawanyika tu, yeye aliwasha mkaa, kwa sababu nguo za watu zilikuwa zimelowekwa na hazijui msiba. Tangu hapo hakuinua kichwa.

Kijana wa leo hajui kwamba kola ya shati hugeuzwa. Zamani shati likichakaa shingoni, Bibi Pasi aliifumua kola, akaigeuza upande uliofichwa ukaja juu, akaishona kwa mkono, na mwenye shati akatembea nalo miaka mingine kifua mbele. Leo shati likichakaa linatupwa, na linachakaa haraka kwa sababu halikushonwa, limegandishwa. Wanavaa vitambaa vya plastiki ambavyo pasi ikivigusa vinanuka kama sufuria lililoungua, halafu wanasema dobi ameharibu. Bibi Pasi aliwarudishia bila kubishana. Ila ukimpa nguo ya pamba, ya kweli, ungemwona anaipapasa kwanza, kama mtu anayesalimiana na ndugu aliyepotea siku nyingi.

Alikuwa na tabia moja ambayo ndiyo ilimponza. Hakushika sura za watu. Alishika nguo zao. Ukimwambia mwalimu kapita, atakuuliza, "Yupi? Wa kaunda ya kijivu, ya kifungo kimoja cheusi?" Alimtambua mtu kwa mgongo wa shati lake kutoka ng'ambo ya barabara, na kwa miaka mingi hakukosea, kwa kuwa enzi hizo shati lilikuwa la mtu mmoja tangu dukani hadi likawa tambara la kufutia baiskeli. Mtu angeona haya kuvaa shati la mwenzake aliye hai.

Sasa nije kwa kenge. Aliletwa na gunia la mkaa, marehemu alipokuwa hai bado, akiwa mdogo, urefu wa penseli, amefunikwa vumbi jeusi. Marehemu alitaka kumtupa. Bibi Pasi akasema, "Mwache kwanza aoge." Akaogeshwa, akapewa mende, akabaki. Wanga wa muhogo huvuta panya, na panya akionja kola yenye wanga haachi, kama mlevi na chupa. Kenge yule alipokua na kufikia urefu wa mkono wa mtu mzima, hapakuonekana tena panya chumbani mwa Bibi Pasi. Alilala ndani ya sanduku la mbao la sabuni lililozibwa kwa wavu, mlango wake ukafungwa kwa waya uliosokotwa. Jioni alifunguliwa azunguke chini ya meza. Wakati mwingine alipewa yai.

Alimpa jina la Karani. Watu walipouliza sababu, alisema, "Nikimwuliza kitu ananitazama tu, hajibu, halafu anafumba macho."

Wengi walimcheka. Wawili hawakucheka. Wa kwanza ni Wakala, aliyesimamia nyumba ile kwa niaba ya mwenye nyumba, akakaa nyuma ya bomba na banda lake la kuku. Kila alipokuja kuleta au kuchukua nguo, alisimama mlangoni akilitazama sanduku.

"Bibi, dubwana lako hilo siku likikanyaga bandani kwangu nitalikatakata, mkia nikuletee ufanye kamba ya kuanikia."

"Na kuku wako siku wakinyea mashuka ya watu," alijibu Bibi Pasi bila kuacha kupiga pasi, "nitakuletea manyoya ufanye mto."

Wa pili ni mdogo wake marehemu, shemeji yake. Huyu kazi yake ilikuwa kutafuta kazi, na Mungu alimjalia asiipate. Alifika saa za chakula, akala, akalaumu chumvi, akaondoka.

Siku yenyewe, Bibi Pasi alikuwa bombani akisuuza mashuka. Chumbani alikuwa ameacha suti ya rangi ya maziwa ya Wakala, ameshaipiga pasi, imetundikwa, kwani kesho yake mwenye nyumba alikuwa anakuja mwenyewe kukutana na wapangaji, na Wakala alitaka kusimama mbele yake kama mtu. Aliponyanyua kichwa kukamua shuka, aliona mgongo wa mtu unatoka mlangoni kwake na kukata kona. Mgongo wa shati la mistari ya buluu. Alilijua shati lile kuliko alivyojua kiganja chake. Kola yake aliigeuza yeye, tena kwa uzi uliokolea kidogo kuliko kitambaa, maana siku ile uzi wa rangi yake ulikuwa umekwisha. Lilikuwa shati la Wakala.

Akadhani amefuata suti. Akasuuza mashuka yake hadi mwisho. Aliporudi, suti ipo palepale, na sanduku la sabuni liko wazi. Waya haukukatwa wala kung'olewa. Ulikuwa umesokotolewa taratibu kwa vidole vya mtu, ukaachwa unaning'inia. Tundu la maji la ukutani, la kutolea maji machafu, lilikuwa na alama ya tumbo lililoburuzwa kwenye matope.

Alisimama akaitazama suti.

Jambo moja lazima lieleweke. Mjini kenge hana rafiki. Akionekana, anayeokota jiwe haulizi ni wa nani. Kwa hiyo kumfungulia kenge mlango si kumpa uhuru, ni kumpeleka kuuawa na mikono ya wengine, ili wewe ubaki na yako safi. Ndivyo Bibi Pasi alivyoliona, na ndivyo lilivyo.

Alichukua kifuniko cha pasi na kijiko. Karani alizoea kuja chini ya meza akisikia kifuniko cha pasi kinagongwa, maana ndiyo ilikuwa ishara ya chakula. Akashuka kwenye mtaro ulio nyuma ya nyumba, akagonga, akasimama, akasikiliza, akagonga tena. Alipita nyuma ya gereji, palipojaa mabati na matairi, akainama kuchungulia kila tairi. Akapita nyuma ya kinu cha kusaga. Watu wakatoka kutazama, maana siku hizi mtu akipotelewa na kitu hawaji kusaidia kutafuta, wanakuja kuona.

"Mama unatafuta nini?" mmoja wa mafundi wa gereji aliuliza.

"Kenge wangu."

"Wako? Basi gonga kwa nguvu. Kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni."

"Sogea hapa," alisema Bibi Pasi, "nianze kujaribu na yako."

Wenzake walimcheka fundi yule, na Bibi Pasi akaendelea. Alikuwa anaongea peke yake sasa, polepole, akimhesabia Wakala mambo yake yote. Kwamba alilifunga bomba wakati wa kiangazi. Kwamba hamsalimii mtu, hutoa kidevu tu. Kwamba ule mlango alioahidi kumwekea marehemu, marehemu amekufa bila kuuona. Kila alipoinama na kukuta mtaro mtupu, aliongeza jingine. Mwisho wa mtaro kuna kiwanja kilichoachwa, nyumba yake ilianguka zamani na majani yamefunika kuta. Aliingia humo akigonga kifuniko. Karani hakuwemo. Lakini juu ya ukuta, yamening'inia kwenye mtambaazi, mazuri kuyatazama, yana manyoya ya dhahabu kama velveti, yalikuwepo maganda ya upupu.

Wasioujua upupu nawapa pole na hongera. Manyoya yake yakikugusa, utajikuna hadi utamani kuivua ngozi, na kadiri unavyojikuna ndivyo unavyousambaza.

Bibi Pasi alichagua ganda moja. Kisha akalikata kwa kijiko na kuliangusha ndani ya kifuniko cha pasi, akakifunika kwa jani pana, akarudi nyumbani kwa hatua za mtu anayebeba uji wa moto.

Kwa dobi, nguo ya mtu ni amana. Hata adui yako akikuletea shati, utalifua kama la baba yako. Mumewe alimfundisha hivyo na yeye aliishi hivyo maisha yake yote. Jioni ile alifunga mifuko ya nailoni mikononi, akaifumua kidogo bitana ya suti ile nyuma ya shingo, akalishika ganda kwa koleo la mkaa, akalikung'uta. Akashona tena, mshono mdogo kuliko ule wa mwanzo. Akafanya hivyo kwenye makwapa. Akafanya hivyo kwenye kiuno cha suruali, na hapo hakubania. Akainyoosha upya kwa nje, ikang'aa. Aliniambia mwenyewe kwamba hajawahi kuipiga suti pasi nzuri kama ile.

Wakala alikuja kuichukua asubuhi, akaigeuza huku na huku.

"Hapa umefanya kazi, Bibi."

"Nimeifanyia kwa moyo," alisema Bibi Pasi. "Na kenge wangu je, hujamwona?"

"Amepotea?" Wakala akatabasamu. "Basi Mungu mkubwa. Nikimwona mimi, wewe hutamwona."

Neno hilo lilimtosha. Kama alikuwa na chembe ya huruma, iliishia hapo.

Mkutano ulifanyika uani, viti vimepangwa, mwenye nyumba amekaa mbele na miwani yake. Wakala alisimama, akaanza kwa heshima zote, kwa ule ufasaha wa kukariri. Jua lilikuwa kali na jasho likaanza kumtoka, na upupu unapenda jasho. Kwanza alisogeza shingo, kama mtu mwenye kola inayombana. Kisha akainua bega moja. Akasema, "Wapangaji wetu ni kama familia," akaingiza mkono kwapani. Mwenye nyumba alimtazama juu ya miwani. Wakala akarudi kwenye hotuba, akafika kwenye neno maendeleo, akalikatisha katikati na kujikuna kiunoni kwa mikono yote miwili, huku macho yamemtoka. Wanawake walikuwa wakitazama chini. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu anacheza au anahutubia?" Hapo uwanja mzima ukavunjika mbavu. Wakala alivua koti akalitupa, akajizuia kuvua suruali kwa aibu, kisha aibu ikamshinda, akakimbilia bombani.

Bibi Pasi alikuwa amekaa nyuma kabisa, mikono mapajani. Hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo, "Na bado." Lakini jioni aligonga kifuniko cha pasi mtaroni tena hadi giza likamfukuza, na Karani hakuja. Kisasi kilikuwa kitamu, ila sanduku la sabuni lilikuwa tupu vilevile.

Siku iliyofuata, saa za chakula, shemeji yake akaja.

"Shemeji, nifulie suruali hii upesi," alisema, akiivua nyuma ya pazia na kujifunga shuka. "Kesho naonana na mtu wa kazi."

Bibi Pasi aliipokea suruali akaitumbukiza kwenye beseni. Alipogeuka, shemeji alikuwa ameinama juu ya sufuria anafunua, amempa mgongo. Mgongo ulikuwa na mistari ya buluu. Kola ilikuwa imegeuzwa, uzi umekolea kidogo kuliko kitambaa.

Bibi Pasi aliketi kitandani.

"Shati hilo umelitoa wapi?"

"Hili? Wakala kanipa. Nilimbebea magunia ya chakula cha kuku, akasema hana kitu cha kunipa, nichukue hili." Akageuka, kijiko mkononi. "Linanipendeza, eti?"

"Ulikuja hapa juzi, nikiwa bombani."

Shemeji alirudisha kifuniko juu ya sufuria. Alikuwa mvivu, lakini si mjinga.

"Nilikuja kula, shemeji. Nikakuta sufuria tupu. Nikatazama kwenye sanduku, nikaona ganda la yai. Nikajiuliza, huyu mnyama anakula yai, mimi mdogo wa marehemu nakula chumvi? Nikamwambia, na wewe toka ukatafute kazi kama mimi."

Alisema hivyo akitegemea kicheko, kwani ilikuwa ni kweli na ilikuwa inachekesha. Hakukipata.

Ndivyo tulivyo sasa. Shati linapita mgongo kwa mgongo kama uvumi, na mwenye macho makini kuliko wote mtaani anamchoma asiyehusika. Nilimwuliza Bibi Pasi kama alimwonea Wakala huruma. Alinitazama kama nimemletea nguo ya plastiki. Wakala hakufungua sanduku, ila alinoa panga na kusema atalitumia. Wapo watu ambao ukiwapiga hukosei, hata ukikosea sababu.

"Nenda ukamtafute," alimwambia shemeji yake.

"Nitaenda. Suruali ikikauka tu."

"Suruali yako imo kwenye beseni, na haiendi kambani kabla sijamwona Karani."

"Shemeji, nitatembeaje na shuka?"

"Polepole."

Akatoka. Mtaa mzima ulimwona mtu aliyekuwa akijifanya mkubwa anatambaa kwenye mtaro na shuka la maua, mkono mmoja umeshika kiuno, mwingine unagonga kifuniko cha pasi. Mafundi wa gereji waliacha kazi. Bibi Pasi alipiga pasi zake huku akisikiliza vicheko vinavyosogea kutoka uwanja hadi uwanja, na vilimsaidia kujua shemeji amefika wapi.

Ghafla vicheko vikanyamaza, na shemeji akatokea mlangoni anahema.

"Nimempata, shemeji. Ila nimechelewa kidogo. Wakala kampata pia."

Karani alikuwa ameingia kwenye banda la kuku kwa kupenya chini ya wavu. Alimeza mayai, tumbo likajaa, na alipotaka kutoka, nafasi aliyoingilia ikawa haimtoshi. Siku nyingine yoyote asingegundulika hadi jioni, maana Wakala huwa mbioni kutwa. Lakini Wakala alikuwa nyumbani anajipaka majivu kwa ajili ya upupu, akasikia kuku wanalia. Bibi Pasi aliielewa hesabu hiyo kabla shemeji hajamaliza kusema. Alichukua taulo bichi kutoka kwenye kamba akaenda.

Wakala alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, mweupe kwa majivu toka kichwani hadi kwenye kitovu, panga mkononi. Ndani, kenge amejikunja pembeni, anavuma, anachapa mkia. Mkia wa kenge ni kiboko, na Wakala alikuwa bado anapima ataingilia upande gani.

"Bibi, simama hapohapo. Leo namaliza."

"Maliza," alisema Bibi Pasi. "Umelalaje lakini?"

Wakala aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sijalala. Na nataka kujua ile suti ilifanywa nini."

"Mimi suti niliipiga pasi, nikaitundika. Nikaenda bombani. Nikiwa bombani nikaona mtu anatoka chumbani kwangu. Sura sikuiona, niliona mgongo. Alikuwa amevaa shati lako la mistari."

Hakusema uongo hata kidogo. Aliyapanga maneno tu, kama anavyopanga nguo za mteja, zile nzito chini na nyepesi juu.

"Shati langu?" Wakala alisema. "Lile nilimpa..." Akatazama nyuma ya Bibi Pasi. Shemeji alikuwa amesimama pale na shuka lake, shati limemkaa vizuri sana.

"Wallahi suti sikuigusa," shemeji alisema haraka. "Mimi nilifungua kenge tu."

"Kwa hiyo uliingia."

"Niliingia, ndiyo, lakini..."

"Na huyu anayekula mayai yangu, wewe ndiye uliyemfungulia."

"Shemeji," aliita yule bwana, "mwambie basi."

"Nimwambie nini?" alisema Bibi Pasi. "Uliingia ulipoingia, ukafungua ulichofungua. Mimi nilikuwa bombani."

Wakala aliliangusha panga, akachukua mpini wa jembe uliokuwa umeegemezwa ukutani. Nadhani aliona panga litamaliza mambo mapema mno. Shemeji alikimbia, lakini shuka halikutengenezwa kwa mbio. Lilinaswa kwenye wavu wa banda, na ikabidi achague kati ya shuka na mgongo. Alichagua shuka, akabaki amelishika, na mgongo ukalipa. Mistari ya buluu ilipigwa mfululizo, na kila pigo Wakala alitaja jambo: suti, mkutano, mwenye nyumba, mayai, usiku asiolala.

Bibi Pasi hakugeuka kutazama. Aliinama akaingia bandani, kuku wakamrukia hadi kichwani, akamtupia Karani taulo bichi usoni. Mnyama akatulia, kama alivyotulia siku alipotolewa kwenye gunia. Alimshika shingoni na chini ya tumbo, tumbo zito, limejaa mayai ya Wakala, akatoka naye amemkumbatia.

Njiani alikutana na jirani mmoja anakimbilia kule, kitenge kimemlegea kwa haraka.

"Shoga, kelele hizo za nini?"

"Mambo ya wanaume hayo," alisema Bibi Pasi. "Wanaulizana habari za nguo. Usiwaharakishe."